Mazingira ya uvimbe wa saratani: kwa nini dawa sahihi wakati mwingine hushindwa

Mazingira ya uvimbe ni jumla ya vitu vyote vinavyozizunguka seli za saratani na kuhusiana nazo: mishipa ya damu, seli za kinga, seli za tishu unganishi, nyuzi za protini zinazoshikilia tishu pamoja, majimaji yaliyo kati ya seli na seli, na kemikali ambazo seli hizi zote hutumiana usiku na mchana. Uvimbe unaoonekana kwenye picha ya CT, au unaoshikika kwa vidole, haukujaa seli za saratani peke yake. Katika saratani ya kongosho, kwa mfano, seli za saratani zenyewe mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya uvimbe. Kinachobaki ni nyuzi, na seli za kawaida za mgonjwa ambazo zimebadilishwa kazi zikawa zinautumikia ugonjwa. Dhana hii inastahili kueleweka hata na wasio wataalamu, kwa sababu inaeleza jambo ambalo huwaumiza sana wagonjwa na ndugu zao: dawa imechaguliwa vizuri, imetolewa kwa kipimo chake na kwa wakati wake, na bado uvimbe unaendelea kukua.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi wa kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Aligundua kwamba ugonjwa haukusambaa ovyo. Ini lilikuwa limevamiwa mara nyingi, na bandama mara chache mno, ingawa viungo vyote viwili hupata damu ya kutosha. Paget alieleza kwamba seli ya saratani ni kama mbegu, ambayo inaweza kuchukuliwa kwenda kila upande lakini huota pale tu inapoangukia udongo unaoifaa. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 watafiti walishughulika zaidi na mbegu kuliko udongo, na ugunduzi wa jeni zinazosababisha saratani ukauongezea nguvu mwelekeo huo. Mwaka 1986 Harold Dvorak, mwanapatholojia (mtaalamu wa kuchunguza tishu zenye ugonjwa) wa Marekani, aliandika kwamba uvimbe huamsha taratibu zilezile ambazo mwili huzitumia kuponya kidonda, yaani kuvuta seli za kinga, kuotesha mishipa na kutandaza nyuzi, ila katika saratani taratibu hizo hazifiki mahali pa kusimama. Kwa maoni yangu, kauli hiyo ndiyo ufunguo wa mengi yanayofuata, kwani inaonyesha kuwa saratani haikubuni silaha mpya. Inatumia uwezo ambao mwili ulikuwa nao tangu awali kwa ajili ya kujiponya.

Tuanze na mishipa ya damu. Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Marekani, alitoa hoja kwamba uvimbe hauwezi kukua zaidi ya ukubwa wa punje ndogo bila kujioteshea mishipa yake wenyewe. Baadaye ilifahamika kuwa mjumbe mkuu wa kazi hiyo ni protini iitwayo VEGF. Lakini mishipa inayooteshwa kwa haraka namna hiyo ni mibovu: imepindapinda, inavuja, na mingine haipitishi damu kabisa. Majimaji yanayovuja hujikusanya ndani ya uvimbe, na kwa kuwa uvimbe hauna njia nzuri za limfu za kuyaondoa, shinikizo la ndani hupanda hadi kukaribia lile la ndani ya mishipa yenyewe. Hapo dawa inayosafiri katika damu hukosa msukumo wa kuingia. Mgonjwa amewekewa dripu, dawa imefika kwenye figo, kwenye uboho na kwenye vinyweleo, na madhara yake yanaonekana, lakini katikati ya uvimbe kimefika kiasi kidogo tu.

Oksijeni nayo hupungua kwa sababu hiyohiyo. Seli iliyo mbali na mshipa kwa takriban sehemu moja au mbili za kumi za milimita haipati oksijeni ya kutosha, maana seli zilizotangulia zimekwisha kuitumia. Mwaka 1955 Thomlinson na Gray, wakichunguza saratani ya mapafu nchini Uingereza, walionyesha mpangilio huo kwa vipimo. Athari yake kwenye tiba ni kubwa, kwa kuwa mionzi huhitaji oksijeni ili uharibifu inaoufanya kwenye vinasaba uwe wa kudumu. Seli iliyokosa oksijeni huweza kuhitaji mionzi hadi karibu mara 3 ya ile inayotosha kuiua seli yenye oksijeni. Jambo hili linawahusu moja kwa moja wanawake wa Afrika Mashariki. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi, wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea kwenye nyonga, na tiba yao kuu, iwe katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam au kwingineko, ni mionzi pamoja na dawa ya sisplatini. Wengi wao pia wamekuwa wakitokwa na damu kwa muda mrefu. Upungufu wa damu kwa wagonjwa hawa umehusishwa mara nyingi na matokeo hafifu ya mionzi, na uhaba wa oksijeni ndani ya uvimbe ni mojawapo ya maelezo yanayotolewa. Ndiyo maana kipimo cha wingi wa damu kabla na wakati wa mionzi si jambo la kupuuzwa wala la kukamilisha fomu tu.

Uhaba wa oksijeni haukomei hapo. Seli inayokosa hewa huwasha protini iitwayo HIF, ambayo huagiza VEGF zaidi, na hivyo mishipa mibovu zaidi. Pia huigeuza seli itumie sukari kwa njia inayozalisha asidi ya laktiki kwa wingi. Uvimbe unakuwa mahali penye asidi, pasipo na sukari ya kutosha, na hapo ndipo seli za kinga zinapotarajiwa kuja kupigana.

Kinga ya mwili ndiyo sehemu ya mazingira haya iliyochunguzwa zaidi katika miaka ya karibuni. Seli T, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, zina uwezo wa kuitambua seli ya saratani na kuiua. Mwili, kwa kujilinda dhidi ya kinga iliyopitiliza, umeziwekea seli hizo vidhibiti, viwili kati yake vikiwa ni CTLA-4 na PD-1. Protini iitwayo PD-L1 inapokutana na PD-1 iliyo juu ya seli T, seli T huacha kushambulia. Seli za saratani, na hata seli za kinga zilizo ndani ya uvimbe, hujivika PD-L1 kwa wingi. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi yao juu ya vidhibiti hivi. Dawa ya kwanza ya kuvizuia, ipilimumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi aina ya melanoma, na zile za PD-1, pembrolizumabu na nivolumabu, zikafuata mwaka 2014. Baadhi ya wagonjwa ambao zamani wangeishi miezi michache wamepata miaka mingi kutokana na dawa hizi. Lakini wagonjwa wengi, katika aina nyingi za saratani, hawapati nafuu ya kudumu.

Sababu moja ni rahisi kuitamka ingawa ilichukua muda kueleweka. Dawa hizi haziui saratani zenyewe. Zinaiondolea kizuizi seli T iliyokwisha kufika. Wanapatholojia wanapotazama vipande vya uvimbe kwa hadubini huona hali zinazotofautiana sana. Kuna uvimbe ambao seli T zimepenya na kuchanganyika na seli za saratani, na huu ndio wenye matumaini zaidi. Kuna ambao hauna seli T kabisa, kana kwamba kinga haijapata habari. Na kuna ule unaosikitisha kuliko yote, ambao seli T zimefika kwa wingi lakini zimekwama pembezoni, kwenye nyuzi, bila kupenya ndani. Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba katika saratani ya utumbo mpana, wingi wa seli T na mahali zilipo uliweza kutabiri hatima ya mgonjwa kwa usahihi uliouzidi ule wa hatua ya ugonjwa inayopimwa kwa kawaida.

Kinachozikwamisha seli hizo pembezoni kwa sehemu kubwa ni faibroblasti, seli za tishu unganishi ambazo kazi yake ya asili ni kutengeneza kolajeni, protini ya nyuzi, pale mwili unapojeruhiwa. Zikichochewa na protini iitwayo TGF-beta, hutandaza nyuzi nene na kutoa kemikali zinazozipotosha seli T njia. Utafiti wa saratani ya kibofu uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa wagonjwa wasioitikia dawa ya kuzuia PD-L1 walikuwa na dalili za wazi za utendaji wa TGF-beta, hasa wale ambao seli T zao zilikuwa zimenaswa kwenye nyuzi. Hata seli T zinazofanikiwa kupenya hukuta upinzani mwingine: makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu na seli zilizokufa, zilizogeuzwa zikawa za kujenga tishu badala ya kushambulia, seli T za udhibiti zinazowatuliza wenzao, na asidi pamoja na njaa ya sukari niliyoitaja. Zikikaa humo kwa muda mrefu huchoka, kwa maana halisi ya kibaiolojia: jeni za mashambulizi huzimwa ndani yake, na kuondoa kizuizi cha PD-1 pekee hakutoshi kuziamsha.

Mtu akifika hapa huweza kudhani kwamba jawabu ni kuyabomoa mazingira haya. Wataalamu nao walidhani hivyo, na yaliyotokea yanafaa kutazamwa kwa makini. Katika saratani ya kongosho ilijaribiwa dawa ya kuzuia njia ya kemikali inayozilisha faibroblasti, na jaribio likasimamishwa mwaka 2012 kwa sababu wagonjwa walioipata hawakufanya vizuri. Mwaka 2014 majaribio kwa panya yalionyesha kwamba kuondoa faibroblasti kulifanya uvimbe uwe mkali zaidi: nyuzi zilezile zilizozuia dawa zilikuwa pia zinaizuia saratani. Kimeng'enya cha kuyeyusha asidi ya hayaluroni, ambayo huujaza uvimbe wa kongosho na kubana mishipa yake, nacho kilishindwa kurefusha maisha katika jaribio kubwa ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019. Naamini funzo la majaribio haya ni zito kuliko la yale yaliyofaulu. Sehemu moja ya mazingira inaweza kumdhuru mgonjwa na kumlinda kwa wakati mmoja, na anayeingilia kati bila kujua ipi inafanya lipi huweza kumzidishia mgonjwa madhara.

Njia iliyoleta mafanikio ya wazi zaidi ni ya kurekebisha, na mfano wake bora ni saratani ya ini. Katika eneo letu saratani hii huletwa hasa na virusi vya homa ya ini aina ya B, na sumukuvu ya mahindi na karanga huongeza hatari. Kwa hiyo mara nyingi uvimbe huota katika ini ambalo limejaa makovu kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo, ini hupokea damu kutoka utumboni yenye mabaki ya vyakula na ya bakteria, na kwa asili yake limezoea kuituliza kinga ili isivishambulie vitu hivyo. Ipo sababu nyingine ya kuilenga VEGF humo: pamoja na kuotesha mishipa, protini hiyo hudhoofisha seli zinazoifundisha kinga na huzuia seli T zisitoke kwenye damu kuingia katika uvimbe. Bevasizumabu huzuia VEGF, na atezolizumabu huzuia PD-L1. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba, baada ya miezi 12, asilimia 67.2 ya waliopewa dawa hizo mbili pamoja walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 54.6 ya waliopewa sorafenibu, dawa iliyokuwa ya kawaida wakati huo. Bei yake bado iko mbali na uwezo wa familia nyingi za Tanzania na Kenya, na hilo ni tatizo la haki ambalo baiolojia haiwezi kulitatua.

Si kila usugu unatokana na mazingira. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba baadhi ya wagonjwa wa melanoma walioitikia dawa za PD-1 kisha wakarudiwa na ugonjwa walikuwa na mabadiliko ndani ya seli za saratani zenyewe, yakiwemo kupoteza protini inayoiwezesha seli T kuitambua seli ya saratani. Seli kama hiyo hupona hata ikizungukwa na seli T zenye nguvu.

Mazingira pia hutofautiana ndani ya mwili mmoja. Mgonjwa anaweza kuonyesha vivimbe vya mapafu vinavyosinyaa na kimoja cha ini kinachokua, huku akitumia dawa ileile, na imeonekana mara nyingi kwamba wenye saratani iliyosambaa kwenye ini huitikia tiba ya kuamsha kinga, kama dawa za PD-1, kwa uhafifu zaidi. Kwa hiyo daktari anapoomba kipande kingine cha nyama kutoka mahali panapokua, ombi hilo lina msingi, hata kama majibu ya kipande cha kwanza yapo kwenye faili. Na kipande hicho kiingizwe kwenye fomalini, majimaji ya kuhifadhi tishu, mapema, kwa sababu tishu iliyoachwa mezani huharibika, na PD-L1 iliyokuwepo huweza kusomeka kana kwamba haikuwepo.