Hezi ni nini, na kwa nini jukiboksi ya Marekani huimba polepole Mtwara

Mama alikuwa jikoni, mimi niko sebuleni na jukiboksi, kabati la santuri la kuimba kwa sarafu, niliyoachiwa na mjomba. Kwetu kusini mali ya mjomba kumfikia mtoto wa dada si jambo la kushangaza, lakini hapa nyumbani Shangani, Mtwara, hakuna aliyewahi kuiona mashine ile ikiwaka. Siku hiyo ikawaka. Nikabonyeza herufi, nikabonyeza namba, mkono ukatambaa kwenye reli yake, ukachomoa santuri, ukaisimamisha mahali pake, sindano ikagusa. Muziki ukatoka. Mama akaja mlangoni na mwiko mkononi, akasikiliza kidogo, akasema: "Huyo si Mbaraka. Mbaraka namjua."

Lebo ilisema Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, lakini mama alikuwa na haki. Aliyekuwa akiimba alikuwa mtu mwenye ulimi mzito, sauti imezama, magitaa yanaburuta miguu. Nikabadilisha sindano. Nikasafisha mhimili, nikatia mafuta kwenye mota. Wimbo ukabaki vilevile. Jibu lilikuwa nyuma ya mashine, kwenye kibao cha bati kilichoandikwa vitu viwili: volti 117, saikoli 60. Volti nilikuwa nimezishughulikia siku ya kwanza kwa transfoma ya kushusha umeme. Saikoli nilizipita.

Saikoli ni jina la zamani la hezi. Hezi ni kipimo cha masafa, yaani jambo linajirudia mara ngapi ndani ya sekunde moja. Jina limetokana na Heinrich Hertz, mwanafizikia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1894, na lilipitishwa rasmi kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 1960. Ndiyo maana vibao vya mashine za miaka ya 1940 na 1950 vina neno saikoli badala yake. Umeme wa betri huenda upande mmoja tu. Umeme wa ukutani huenda na kurudi, huenda na kurudi, na safari moja kamili ya kwenda na kurudi ndiyo saikoli moja. Tanzania umeme hufanya safari hizo 50 kwa sekunde, kwa volti 230. Marekani hufanya safari 60, kwa volti 120 hivi.

Watu wengi huchanganya volti na hezi, na mafundi redio kadhaa niliowauliza waliniambia kwamba transfoma "inamaliza yote". Haimalizi. Chukua ngoma ya sindimba. Mpigaji anaweza kuipiga kwa nguvu au kwa upole. Hiyo ni volti. Anaweza pia kuipiga kwa haraka au kwa kutulia. Hiyo ni hezi. Mchezaji hakanyagi kwa kufuata ukali wa ngoma, hukanyaga kwa kufuata mwendo wake. Transfoma ni kama kumwambia mpigaji apunguze nguvu ya mikono. Mwendo wa mapigo huuacha kama ulivyo: zikiingia hezi 50, zitatoka hezi 50.

Na mota ya jukiboksi ni mchezaji mtiifu. Mota za umeme wa kwenda na kurudi, zilizotumika kuzungusha santuri kwenye mashine hizo, hufunga mwendo wao kwenye mapigo ya umeme. Mota ya ncha nne za sumaku, kwa hesabu, huzunguka mara 1,800 kwa dakika kwenye hezi 60. Kwenye hezi 50 huzunguka mara 1,500. Ni sita kushuka hadi tano. Santuri iliyotakiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika inazunguka mara 37.5. Wimbo wa dakika 3 unachukua dakika 3 na sekunde 36, na sauti inashuka zaidi kidogo ya nusu-toni tatu, sawa na kumhamisha mwimbaji kutoka koo lake hadi koo la mtu mwingine. Mama hakuhitaji kibao cha bati kulijua hilo.

Kwa asiyeijua: jukiboksi ni kabati la muziki lenye santuri nyingi ndani, ambalo mtu hutumbukiza sarafu, akachagua wimbo, mashine ikafanya kazi yote iliyobaki. Historia yake kwa kawaida huanzia Novemba 1889, pale Louis Glass alipoweka mashine ya kuimba kwa sarafu katika baa moja ya San Francisco. Wakati huo muziki ulikuwa kwenye mirija ya nta, na msikilizaji aliweka bomba sikioni. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ililetwa na RCA Victor mwaka 1949, na mwaka uliofuata Seeburg ikatoa jukiboksi yake ya kwanza ya kuzicheza. Neno lenyewe, juki, wanaisimu wengi hulihusisha na Kigullah, lugha ya wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani kwenye pwani ya South Carolina na Georgia. Hilo hunigusa kila ninapofungua mlango wa kabati hili. Neno lilitoka Afrika, likazunguka dunia, mashine ikaja kutua Mtwara.

Turudi kwenye mwendo. Kabla ya kubadilisha chochote, pima. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa santuri, washa saa ya simu, hesabu mizunguko kwa dakika mbili. Ukipata 90, mashine ni nzima. Ukipata 75, ni hezi. Ukipata namba isiyo hizo, hasa ikiwa inabadilika kila unapopima, tafuta kosa la kimekanika: grisi iliyoganda, mpira uliokauka, mhimili mkavu.

Kuna pia karatasi ya duara yenye mistari myeusi ambayo huwekwa juu ya santuri chini ya taa. Mwendo ukiwa sahihi, mistari huonekana imesimama. Hapa kuna mtego ambao lazima niueleze, kwa sababu mtu anaweza kuuamini akapotea kabisa. Karatasi ya Marekani ya mizunguko 45 ina mistari 160, kwa kuwa taa ya hezi 60 huwaka na kufifia mara 120 kwa sekunde. Ukiiweka kwenye mashine ya Marekani inayoburuza hapa Mtwara, chini ya taa yetu inayofifia mara 100 kwa sekunde, mistari itasimama wima bila kutikisika. Mota imepungua na taa imepungua kwa kiwango kilekile, basi vyote viwili vinakubaliana katika kosa. Karatasi ya kwetu lazima iwe ya hezi 50, yenye mistari 133. Na taa iwe tyubu ya zamani, maana balbu nyingi za LED hazififii vya kutosha.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni ya chuma. Kwenye shafti ya mota kuna kibushi, kipande kidogo cha mviringo cha shaba nyeupe au njano, na kibushi hicho ndicho kinachosukuma gurudumu la mpira. Ukinenepesha kipenyo chake kwa asilimia 20, mwendo uliopotea unarudi: kilichokuwa milimita 5 kinakuwa milimita 6. Watengenezaji wenyewe walitoa vibushi vya hezi 50 kwa ajili ya masoko ya nje, na ukipata cha asili kwa namba ya modeli yako, nunua hicho. La sivyo, fundi wa mashine ya kuchonga chuma anaweza kukikata, lakini mpelekee kile cha zamani mkononi, usimpe vipimo vya mdomo. Kikitoka na upogo hata wa unywele, wimbo utayumba kama ngalawa. Mimi nilikirudisha mara mbili kabla hakijakaa sawa. Kwenye mashine za mkanda, unene wa mkanda nao unaingia kwenye hesabu.

Tiba ya pili ni ya umeme. Inveta nyingi za sola, vifaa vya kugeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, zina sehemu ya kuchagua hezi 50 au 60. Ukiwa na inveta yenye wimbi safi, ukaiweka 60, kisha ukapitisha kwenye transfoma ya kushusha, jukiboksi inapata umeme uleule iliozaliwa nao. Naipenda tiba hii kuliko ya kwanza, kwa sababu inaponya na kitu ambacho kibushi hakigusi: transfoma za ndani. Transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 tu ikilishwa hezi 50 kwa volti zilezile, chuma chake hushiba sumaku, hunguruma na kupata joto. Asiye na inveta ashushe volti ziwe kama 100 badala ya 117, aache mashine iwake nusu saa, azime, achomoe, ndipo aguse transfoma. Ikimchoma, asiendelee. Kama kibao kinasema 50/60, wasiwasi huo haupo.

Kwenye amplifaya ya valvu nasema jambo moja tu, nalo si la mzaha. Kapasita zake, yaani vipande vinavyotunza chaji ya umeme, hubaki na volti 300 na zaidi hata baada ya kuchomoa plagi. Zitolewe chaji kupitia rizista, zipimwe kwa mita, ndipo mkono uingie. Kama hujawahi kufanya hivyo, mpe fundi aliyewahi.

Kulainisha ni rahisi. Grisi ya miaka 60 huwa ngumu kama ulimbo wa mkorosho. Ikwanguliwe yote kabla ya kutia mpya. Kwenye mota yanatosha matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi, ambayo kila nyumba hapa inayo, yasikaribie: huganda na kunata.

Kilichobaki ni hewa ya bahari. Chumvi inayoletwa na upepo hutua kwenye vigusio vya shaba, hunyonya unyevu, na baada ya muda unabonyeza B4 mashine inakaa kimya. Karatasi ngumu safi iliyoloweshwa spiriti, ikavutwa taratibu katikati ya vigusio, inatosha; msasa hula madini yenyewe. Lakini linalonisumbua zaidi ni kichwa cha sindano. Vichwa vingi vya zamani viliundwa kwa fuwele la chumvi ya Rochelle, chumvi ya kweli, ambayo hupoteza uhai kwa joto na huyeyuka kwa unyevu. Mashine yenye kichwa cha namna hiyo ikifika Mtwara au Lindi, sauti hufifia hadi kubaki mnong'ono, na mtu atalaumu amplifaya bure. Badala yake weka kichwa cha keramiki kinachoshabihiana nacho.

Mimi ndani ya kabati nimefunga balbu ya wati 15 ya zamani, ile ya kutoa joto, mbali na santuri na mbali na nyaya. Masika ikianza naiwasha usiku. Asubuhi naweka mkono juu ya kioo, na kikiwa na vuguvugu najua ndani ni pakavu.