Kupungua tungamo hakuisukumi roketi

Nimeletewa tena ile hoja, safari hii na mtu aliyesoma uhandisi: "Roketi inaongeza kasi kwa sababu inazidi kupungua uzito." Basi naandika hapa, ili mwingine akija nayo nimtumie kiungo na mimi niendelee na chai yangu.

Kupungua hakusukumi kitu. Kinachosukuma ni gesi inayotupwa nyuma kwa kasi. Tungamo (kiasi cha mata) likipungua, msukumo uleule unakuta mzigo mwepesi zaidi, na mchapuko, yaani kiwango cha kuongezeka kwa kasi, unapanda. Hayo ni mambo mawili.

Chukua Saturn V, roketi iliyobeba Apollo 11 kuelekea mwezini, tarehe 16 Julai 1969. Ilisimama pale Florida ikiwa na karibu tani 2,900. Injini tano za F-1 zilitoa msukumo wa karibu meganyutoni (nyutoni milioni) 34. Uzito wake wenyewe ulikula zaidi ya 28, kwa hiyo mchapuko uliobaki haukufika mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Ndiyo maana kwenye picha zile inapanda kama haitaki, sekunde zaidi ya kumi kuupita mnara tu. Lakini ilikuwa inachoma kama tani 13 za mafuta ya taa na oksijeni kila sekunde. Dakika mbili baadaye zaidi ya nusu ya roketi ilikuwa imeshageuka moshi. Sekunde ya 135 injini ya katikati ikazimwa kwa makusudi, maana mchapuko ulikuwa unapanda mno. Ukashuka kidogo, kisha injini nne zilizobaki zikaupandisha tena hadi karibu g 4 (mara nne ya ule wa kitu kinachoanguka duniani), muda mfupi kabla hatua ya kwanza haijaachwa.

(Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na msukumo wenyewe: hewa ikiwa nyembamba, F-1 ileile inasukuma zaidi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Tuliache hilo.)

Huyo wa uzito namsamehe. Anayenikera ni yule anayekuja na karatasi. Kani, anasema, ni kiwango cha kubadilika kwa momenta; momenta ni tungamo mara mwendokasi; kwa hiyo kani ni tungamo mara mchapuko, jumlisha mwendokasi mara kiwango cha kubadilika kwa tungamo. "Umeona? Kipande cha pili ndicho kinachoisukuma roketi!" Hisabati yake haina kasoro. Fizikia hamna.

Liweke boza la maji angani, mbali na mvutano wowote, likienda mita 10 kwa sekunde. Linavuja ubavuni, kushoto na kulia sawasawa. Kani ya nje ni sifuri, tungamo linapungua, kwa hiyo kwa fomula yake mwendokasi lazima upande. Maji yakivuja hadi tungamo lifike nusu, boza linakwenda mita 20. Nani kalisukuma? Sasa panda chombo kinachokwenda sambamba nalo, mita 10 zilezile. Wewe unaliona limesimama, na fomula hiyohiyo inakuambia halitasogea milele. Boza moja, watazamaji wawili, majibu mawili. Na Saturn V pale chini, mwendokasi sifuri? Kipande chake cha pili nacho ni sifuri. Armstrong angekuwa amekaa pale hadi leo.

Kanuni ya pili ya Newton inahesabu mata ileile, isiyoingiza wala kutoa. Gesi iliyotoka haijafutwa kwenye hesabu. Imeondoka na momenta yake. Ihesabu pamoja na roketi ndipo unapata kitu cha kweli: tungamo la wakati huo mara mchapuko ni sawa na kasi ya gesi mara kiasi kinachotoka kwa sekunde, pamoja na kani za nje. Na kasi hiyo inapimwa kutoka kwenye roketi. KUTOKA KWENYE ROKETI. Mwendokasi wa roketi kwa mtu aliyekaa ufukweni hauhusiki. Kwa F-1 ni kama kilomita 2.6 kwa sekunde. Zidisha kwa tani 13 na ule msukumo wa 34 unajitokeza.

Kutoka hapo unafika kwenye fomula ya Tsiolkovsky ya 1903, ile ya kasi ambayo roketi inaipata kwa kuchoma mafuta yake, ambayo iko kila mahali, sina haja ya kuinakili.

Ila hesabu niliyoifanya hapo juu ni kama kuzunguka mti. Ile 2.6 mara nyingi hupatikana kwa kupima msukumo na kuugawa kwa mtiririko, kwa hiyo lazima ikubali. Gesi haitoki yote kwa kasi moja wala upande mmoja. Halafu mpaka wa roketi uko wapi? Mimi huuchora mdomoni mwa nozeli, ile faneli ya kutolea gesi, lakini ndani yake mafuta yanashuka kwenye mabomba na kitovu cha tungamo kinahama, kwa hiyo mwendokasi wa bati la roketi na wa kitovu si kitu kimoja. Mtiririko ukitulia, tofauti ni ndogo na tunaitupa. Injini inapowaka au kuzimwa, fomula safi ni makadirio, na vitabu havisemi.

Roketi za mafuta magumu zina taabu yake. Scout, roketi ya aina hiyo iliyorusha setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, haikuwa na injini ya katikati ya kuzima. Kwa mafuta magumu, msukumo unafuata eneo linaloungua. Ukichonga tundu la mviringo tu katikati, linapanuka kadiri linavyoungua, msukumo unapanda huku tungamo likishuka, na setilaiti inabanwa mara mbili. Kwa hiyo tundu huchongwa mara nyingi kwa umbo la nyota: ncha zinaliwa, eneo linabaki karibu lilelile, na mchapuko unapandishwa na wepesi peke yake.