Tangi la choo halijai? Dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Tangi lisipojaa, vifaa vya ndani vimekufa vyote. Nunua vipya.

Mara nyingi kilichochoka ni kipande cha mpira tu, na pengine hakuna kilichoharibika. Fungua mfuniko, flashi, kisha tazama. Je, maji yanaingia kwa unyonge? Yanaingia vizuri lakini hayapandi? Au yanapanda na kukata mapema? Hayo ni matatizo matatu tofauti, na fundi anayebadilisha kila kitu kabla ya kutazama anabahatisha kwa pesa zako.

Dhana: Yakiingia polepole, presha ni ndogo.

Fungua bomba la kunawia lililo karibu. Likitoa kwa nguvu, presha haina kosa. Angalia koki ndogo ya ukutani; huenda mtu aliifunga nusu akasahau. Mshukiwa anayefuata ni uchafu. Maji yakirudi baada ya kukatika, huja na mchanga na kutu, navyo hunasa kwenye kichujio cha valvu ya kujazia (kifaa kinachoingiza maji tangini) au chini ya mpira wake. Kama valvu yako ina kifuniko cha juu kinachofunguka, funga koki, kitoe, safisha mpira, kisha inamisha kikombe juu ya tundu na ufungue koki kidogo kwa sekunde chache ili uchafu utoke. Usisahau kikombe, la sivyo utaoga na nguo zako.

Kuna mahali dhana hii ina ukweli: nyumba inayopata maji kutoka tangi la juu. Kila mita 1 ya kimo hutoa presha ya takriban baa 0.1, kwa hiyo tangi lililo mita 2 juu ya choo hutoa baa 0.2 tu. Valvu ya presha kubwa ina tundu dogo, na hapo itasuasua hata ikiwa mpya kabisa. Inatakiwa ya presha ndogo.

Dhana: Pandisha boya tu, litajaa.

Boya ndilo kifaa kinachoelea na kuifunga valvu maji yakipanda, kwa hiyo kulipandisha husaidia pale maji yanapokata mapema. Usivuke kiasi: yaishie sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa mrija unaopokea maji yanayozidi, la sivyo yatamwagikia chooni usiku kucha. Hakikisha pia boya haligusi ukuta wa tangi.

Dhana: Lingekuwa linavuja, sakafu ingelowa.

Maji yanayopita kwenye mpira wa chini, ule unaoziba tundu la kuflashia, huishia ndani ya sinki la choo, kimyakimya. Tia matone ya rangi ya chakula tangini, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana chini, mpira haufungi, au mnyororo wake umekaza mno. Vidonge vya klorini vya kuweka ndani ya tangi huuharibu mpira huo, mimi siviweki.

Dhana: Tofali tangini huokoa maji.

Humomonyoka, na chembe zake hukaa chini ya mpira uleule. Tumia chupa iliyojazwa maji, mbali na boya.