Ushirikiano wa tamaduni katika masomo ya usanifu wa michoro ni nini?

Ni namna ya kufundisha ambapo wanafunzi wa nchi au jamii tofauti, pengine na walimu wao, hupewa kazi moja waifanye pamoja: bango, nembo, kitabu cha shule, alama za kuelekeza wagonjwa hospitalini. Kinachotafutwa ni fikra bunifu, yaani uwezo wa kuona njia ambayo mazoea yako yalikuwa yameificha.

Wengi hudhani ni kuchanganya mapambo. Huyu analeta pindo la kanga, yule ua la Kijapani, vinabandikwa kwenye bango moja, picha zinapigwa, vyeti vinagawiwa. Hayo kwangu ni maonyesho tu. Kazi yenyewe huanza pale mwenzako anapokuuliza jambo ambalo kwenu hakuna anayeliuliza. Chukua tangazo la sabuni: shati chafu kushoto, sabuni katikati, shati safi kulia. Aliyezoea kusoma Kiarabu huanzia kulia, naye ataona sabuni inachafua nguo.

Mfano mzuri uko Ahmedabad, India. Mwaka 1958 Charles na Ray Eames, wasanifu wa Marekani walioalikwa na serikali ya India, waliandika ripoti iliyochangia kuanzishwa kwa National Institute of Design, chuo cha usanifu, mwaka 1961. Chombo walichokisifu kuliko vyote kilikuwa lota, kile chombo cha kuchukulia maji kinachoonekana kila mahali nchini humo. Waliuliza: hubebwa kichwani, kiunoni au mkononi? Kikiwa kitupu kinatulia? Kikigongana na kingine kinatoa mlio gani? Mwenyeji aliyekua nacho hana sababu ya kujiuliza hayo, na mgeni peke yake hawezi kuyajibu.

Katikati ya miaka ya 1960 chuo hicho kilimpokea Adrian Frutiger, Mswisi aliyebuni mtindo wa herufi uitwao Univers, afanye kazi ya herufi za Kidevanagari, zinazoandikia Kihindi, pamoja na wasanifu wa pale. Herufi zetu za Kilatini husimama juu ya mstari, ila za Kidevanagari huning'inia chini ya mstari unaopita juu yake. Mtu aliyezoea kupima herufi kuanzia miguuni hapo lazima aanze upya. Mgeni huja na ufundi wa kusawazisha unene na nafasi. Mwenyeji ndiye anayejua ni mkunjo upi ukipunguzwa herufi haisomeki tena.

Ugumu mkubwa darasani ni lugha, na hausemwi vya kutosha. Anayekijua sana Kiingereza hugeuka msemaji wa kundi, mawazo yake yakapita hata yakiwa dhaifu. Ndiyo maana ni afadhali kila mmoja achore rasimu zake kwanza, zitundikwe ukutani bila majina, halafu mjadala ufuate. Alama nazo zitolewe kwa rasimu hizo pia, maana bango la mwisho halionyeshi nani alimfungua nani macho.