Destroya kubeba askari si destroya kugeuzwa

Nimesoma tena juzi kwamba "manowari ni meli ya kusafirishia askari". Sivyo. Manowari ni meli ya kivita, ya aina yoyote. Destroya ni aina mojawapo: nyembamba, yenye mbio, kazi yake kubwa kulinda meli nyingine. Na destroya iliyogeuzwa kuwa ya kusafirishia askari ni ile iliyong'olewa sehemu ya mitambo na silaha ili ipatikane nafasi ya watu na mashua. Maana imekwisha hapo. Linaloniwasha ni jingine.

Manowari tumelitoa kwa Waingereza, man-of-war, tukalikunja mpaka likakaa mdomoni. Hiyo "ma-" ya mwanzo si ya wingi, kwa hiyo ni manowari zile, si manowari yale. Haya, hilo dogo. Kubwa ni destroya, ambayo wafasiri wetu huiita "meli haribifu", msomaji akadhani inamaliza kila kilichoko baharini. Jina la Kiingereza lilikuwa refu: mharibu wa boti za topido. Mwishoni mwa karne ya 19 viboti vidogo vilianza kubeba topido, kombora linalokwenda ndani ya maji, na meli kubwa za gharama zikaanza kuogopa vitu vya kitoto. Mwaka 1893 Waingereza wakashusha majini HMS Havock, ya kuvifukuza. Watu wakachoka kutamka jina lote, wakalikata, likabaki "mharibu" bila kusema anaharibu nini. Wajapani walilifasiri vizuri kuliko sisi: kuchikukan, meli ya kufukuzia.

Sasa kugeuzwa. Ukipakia watu kwenye lori la mchanga uwapeleke msibani, bado ni lori la mchanga. Kesho linarudi machimboni. Lakini zile gari za Unguja, lori lililovuliwa bodi likajengewa paa la mbao na mabenchi, hilo nani atalipakia mchanga? Destroya za Uingereza zilizotoa askari Dunkirk, pwani ya Ufaransa, mwaka 1940 katika Vita vya Pili vya Dunia, zilikuwa lori la msibani. Za Marekani zilizopewa herufi APD zilikuwa gari za Unguja.

AP ni meli ya askari, D ni destroya. Ya kwanza ilikuwa Manley. Walichukua destroya kuukuu za wakati wa vita vya kwanza, zenye dohani nne, wakang'oa boila mbili za mbele na dohani zake, pakawa pa kulala askari. Mirija ya topido ikaondoka, mahali pake pakaningʼinizwa mashua nne za kushushia watu ufukweni. Mwendo ukashuka kutoka kilomita 65 kwa saa hadi 45 hivi.

Tofauti hiyo ilionekana usiku wa kuamkia tarehe 5 Septemba 1942, karibu na Guadalcanal, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Little na Gregory, zote APD, zilikuwa zikizunguka gizani baada ya kuhamisha askari. Zikaona mimweko ya mizinga, zikadhani ni nyambizi. Rubani wa Kimarekani naye akadhani hivyo hivyo, akadondosha fataki za mwanga, na walioangazwa wakawa wenzake. Mbele yao zilikuwa destroya tatu za Japani, Yudachi, Hatsuyuki na Murakumo, sehemu ya msafara ambao nao ulikuwa umeleta askari kisiwani. Pande zote mbili wachukuzi, ila Wajapani walibeba watu juu ya destroya nzima. Little na Gregory zikazama zote mbili.

Mhudumu wa mezani wa Gregory, Charles Jackson French, alijifunga kamba kiunoni akaogelea usiku kucha akivuta chelezo la majeruhi, lisisukumwe na mkondo hadi ufukwe wa adui. Mwaka 2024 jeshi la majini la Marekani lilitangaza kwamba meli mpya itaitwa kwa jina lake. Ni destroya, na hii haijageuzwa.

Nimalizie na Ward, nayo meli ya Marekani, maana ndiyo inayokosewa zaidi. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, chini ya nahodha William Outerbridge, ilizamisha nyambizi ndogo ya Japani nje ya Pearl Harbor, bandari ya kivita ya Marekani huko Hawaii, kabla ndege za Japani hazijafika kuishambulia. Tarehe 7 Desemba 1944, ghuba ya Ormoc, Ufilipino, rubani wa kujitoa mhanga aliibamiza. Moto ukashindikana, ikaamriwa imalizwe na mizinga ya O'Brien, ambayo nahodha wake alikuwa Outerbridge yuleyule. Wengi huandika kwamba "destroya Ward" ilizama siku hiyo. Meli ni ile ile, sikatai. Ila iliyofyatua Pearl Harbor ilikuwa DD-139, yaani destroya, na iliyozama Ormoc ilikuwa APD-16, yenye dohani mbili.