Safari za wanafunzi kwenda kujitolea ng'ambo: yanayosemwa na yaliyopo

Insha za wanafunzi waliorudi kutoka safari ya kujitolea nchi ya mbali hufanana mno. Tulijenga darasa, tulicheza na watoto, watoto walilia tulipoondoka, maisha yangu hayatakuwa yaleyale. Hakuna anayedanganya. Ila ndani ya sentensi hizo zimejificha dhana ambazo mwanafunzi alizibeba tangu nyumbani, akaenda nazo, akarudi nazo.

Dhana: nia njema na nguvu za ujana zinatosha.

Ukuta haujui nia ya mtu. Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika mwiko atapanga tofali, saruji itazidi upande mmoja na kupungua mwingine, na mstari wa tatu ukifika, timazi inaonyesha ukuta umeshaanza kuinama. Fundi mwenyeji anatabasamu na kushukuru, kwa sababu wageni ni wageni. Mwaka 2014 mwanamke mmoja Mmarekani alisimulia mtandaoni jinsi alivyokuja Tanzania na wanafunzi wenzake kujenga maktaba: mchana walijenga wao, usiku mafundi wakabomoa na kupanga upya ili wageni wasijue.

Gharama nayo ina hadithi yake. Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, vikundi vingi vya Amerika Kaskazini vilikwenda kujenga nyumba. Mwanasosholojia Kurt Ver Beek alipofuatilia, aliona kwamba nyumba moja iliyojengwa na wageni iligharimu takriban dola 30,000 ukihesabu na nauli zao. Mashirika ya wenyeji yalijenga kwa takriban dola 2,000. Yaani nyumba kumi na tano kwa bei ya moja, na vibarua wa hapohapo wangepata ujira.

Dhana: watoto yatima wanahitaji upendo wetu, hata kwa wiki mbili.

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Kwanza, wengi wa hao watoto si yatima. Ripoti ya mwaka 2009 ya Save the Children, shirika la kutetea watoto, ilisema kwamba duniani, angalau watoto wanne katika kila watano wanaoishi kwenye vituo vya kulelea watoto wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kinachowatoa nyumbani mara nyingi ni umaskini na ahadi ya shule. Kambodia, vituo viliongezeka kwa asilimia 75 kati ya mwaka 2005 na 2010, na UNICEF ilihusisha ongezeko hilo na wafadhili na watalii waliotaka kusaidia. Mgeni akija na pesa, kituo kinahitaji watoto wa kumwonyesha. Mwaka 2018 Australia ilitambua biashara hiyo ya kuwaingiza watoto vituoni kuwa sura mojawapo ya utumwa wa kisasa.

Halafu lile tukio la mtoto kumrukia mgeni shingoni dakika ya kwanza. Mwanafunzi huliandika kama ushahidi wa upendo. Wataalamu wa malezi huliona kwa jicho jingine: mtoto aliyezoea walezi wanaokuja na kuondoka hujifunza kumng'ang'ania yeyote. Mtoto anayelelewa vizuri hujificha kwanza nyuma ya mama yake.

Dhana: "hawana kitu, lakini wana furaha."

Sijui sentensi hii ilizaliwa wapi, lakini haikosi. Mgeni amewaona watoto saa za mapokezi: ngoma, pipi, kamera. Hakuwepo usiku mtoto alipopandisha homa na zahanati iko mbali, wala mzazi alipokuwa akihesabu ada. Furaha ile ni ya kweli, kama ya watoto wowote siku ya wageni. Ila kuigeuza kuwa maelezo ya umaskini ni kumpa msomaji ruhusa ya kutouliza kwa nini shule haina choo.

Dhana: kila anayejua Kiingereza anaweza kukifundisha.

Shirika la VSO la Uingereza, linalotuma watu kujitolea ng'ambo, lilipoanza mwaka 1958 lilituma vijana waliotoka tu sekondari. Baadaye liliachana na mtindo huo na kutafuta watu wenye taaluma. Sioni haja ya kuongeza.

Dhana: safari humbadilisha mtu milele.

Ver Beek aliwauliza waliorudi kutoka Honduras. Wengi walisema wamebadilika na wanatoa michango zaidi. Rekodi za michango zilisema vingine.

Dhana: basi safari hizi zifutwe.

Hapana. Mwanafunzi hufaidika sana, na hakuna aibu kulisema hilo waziwazi. Iitwe safari ya kujifunza, ipangwe hivyo, wenyeji walipwe kama walimu. Kabla ya kukata tiketi kuna maswali ya kuuliza: nani aliomba kazi hii, ingefanywa na nani tusingekwenda, na nani ataikarabati tukishaondoka? Pasipo majibu, fedha za ujenzi zitumwe kwa mafundi wa huko, wanafunzi waende kusikiliza na kuangalia. Na ile insha ya tafakari ingefaa ipelekwe kwanza kwa wenyeji waliotajwa ndani yake, waisome na kuisahihisha, kabla mwalimu hajaitia alama.