Mweka hazina mwaminifu peke yake hatoshi

Kuanzia Ujiji hadi Kibirizi, hapa Kigoma, wanachama wengi wa vikundi vya kuweka na kukopa huamini kwamba hela za kikundi hupotea kwa sababu moja: sanduku lilipewa mtu mbaya. Basi tiba ni kumchagua mcha Mungu. Imani hiyo ina msingi, maana wezi wapo.

Ila hela hupungua hata pasipo mwizi. Mama muuza dagaa analipa rejesho la 12,000 pembeni ya mizani, mikono imelowa, daftari liko nyumbani. "Nitaandika jioni, dada." Jioni inaandikwa 10,000, na mwandishi anaweza kuapa kwa dhati, kwa sababu kumbukumbu ya binadamu huziba mapengo bila mwenyewe kujua. Ikija mbalamwezi, wavuvi wanaovutia dagaa kwa taa gizani wasipoingia ziwani, mweka hazina naye anabanwa; anachota kidogo kwa nia ya kurudisha. Udhaifu huo tunao wote, na kumwachia mtu mmoja aubebe ni kumwonea.

Ndiyo maana masanduku mengi ya vikundi huwa na kufuli tatu: funguo kwa watu watatu, sanduku kwa wa nne.

Kagua mwenyewe. Je, hela huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote? Linganisha kitabu chako na daftari la kikundi siku hiyohiyo. Uliza pia cheti: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka vikundi hivi visajiliwe, na halmashauri inaweza kukueleza kama chenu kimo.